Kabla Hujanunua Mwavuli wa Kurukia

Aprili 2014, juu ya Dubai, Ernesto Gainza, mrukaji mzaliwa wa Venezuela, alitoka ndegeni akitegemea mwavuli wa futi za mraba 35, yaani mita za mraba tatu na ushee. Alitua salama, na jina lake likaingia katika rekodi za Guinness kama mtu aliyetua na mwavuli mdogo kuliko wote. Kisa hicho husimuliwa sana kwenye viwanja vya kurukia, na mara nyingi msikilizaji ni mtu asiyefaa kukisikia: yule aliyemaliza kozi juzi, ana miruko 40 kwenye daftari lake, na amechoka kulipia vifaa vya kukodi kila wikendi. Anataka mwavuli wake. Anataka uwe wa kasi, na ikiwezekana uwe na rangi mbili.

Parachuti kamili ni mkoba wenye mikanda, mwavuli mkuu, mwavuli wa akiba, na kifaa kidogo cha kielektroniki kinachofungua akiba endapo mrukaji amefika chini mno akiwa bado anaanguka. Cypres, kifaa maarufu zaidi cha aina hiyo, kilitoka Ujerumani mwaka 1991 na kimeokoa watu wengi. Lakini hakina msaada wowote kwa mtu ambaye mwavuli wake umefunguka barabara, kisha akaigonga ardhi vibaya.

Na hao wapo. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kilihesabu vifo 10 mwaka 2023 katika miruko inayokadiriwa kufikia milioni 3.65. Ni idadi ndogo, tena imeshuka sana tangu miaka ya 1970. Ila ukisoma ripoti za ajali mwaka baada ya mwaka, kuna hadithi isiyokwisha: mwavuli umefunguka, kamba zimenyooka, mrukaji ni mzima kabisa, halafu katika mita 30 za mwisho anakata kona kali ili akwepe mti, waya wa umeme au mrukaji mwenzake. Mwavuli unapokata kona hupiga mbizi. Kukiwa na kimo cha kutosha hunyooka wenyewe. Kisipokuwepo, ardhi ndiyo huusimamisha. Kwa hiyo anayenunua mwavuli hana haja ya kuumiza kichwa kama utafunguka, maana ya viwanda vinavyojulikana hufunguka. Ajiulize utamfanyia nini siku atakapokosea karibu na ardhi.

Jibu linaanzia kwenye umbo. Mwavuli wa duara, ule wa kwenye filamu za vita, hupunguza tu kasi ya kuanguka, na mtu hushukia popote upepo unapompeleka. Mwavuli wa siku hizi ni bawa la kitambaa. Domina Jalbert, mzaliwa wa Quebec aliyefanya kazi zake Florida, aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1964: tabaka mbili za nguo zilizotenganishwa kwa kuta za ndani, zikafanya vyumba vilivyopangana, mbele wazi, nyuma pameshonwa. Hewa huingia, hukosa pa kutokea, nguo hukakamaa na kuwa bawa. Wanajeshi wanaoshuka na bendera uwanjani siku za sherehe za kitaifa hutumia bawa la namna hii, ndiyo maana huweza kulenga katikati ya uwanja.

Bawa haliwezi kusimama hewani. Lazima lisonge mbele ndipo linyanyue, na la mwanafunzi husonga kwa kilomita 40 hivi kwa saa. Mrukaji akikaribia ardhi huvuta vishikio viwili vya breki kwa pamoja, mkia wa bawa hukunjika kwenda chini, na kasi ile ya mbele hugeuka kuwa unyanyuko kwa sekunde chache. Akipatia, hutembea hatua mbili akasimama. Akivuta mapema mno, bawa huishiwa kasi angali juu. Akichelewa, magoti ndiyo hulipa.

Hesabu inayotangulia nyingine zote ni ya mzigo wa bawa: uzito wa mrukaji na vifaa vyake vyote kwa pauni, ugawanywe kwa ukubwa wa mwavuli kwa futi za mraba. Vipimo hivi vya Kimarekani hutumika hata mahali ambapo kila kitu kingine hupimwa kwa kilo na mita, hivyo ni afadhali kuvizoea. Chukua mtu wa kilo 75. Ongeza mkoba, miavuli miwili, kofia, viatu na nguo. Mlangoni mwa ndege anasimama na kilo 88 hivi, ambazo ni pauni 194. Chini ya mwavuli wa 190, kila futi ya mraba inabeba pauni 1.02. Akichukua wa 170, ni 1.14. Wa 150 unampa 1.29, na wa 135 unampa 1.44.

Ushauri uliozoeleka kwa mgeni ni kukaa kwenye 1.0 au karibu sana na hapo. Brian Germain, mwandishi wa The Parachute and Its Pilot, alitoa kanuni nyepesi kukumbuka: ukomo ni 1.0, kisha ongeza 0.1 kwa kila miruko 100. Kwa kanuni hiyo, mtu wetu wa miruko 40 ni wa 190, na ule wa 150 anaoutamani atausubiri hadi akaribie miruko 300. Wengi hawasubiri. Wengi pia hudanganya uzito wao, jambo la ajabu kidogo, kwa kuwa anayedanganywa ndiye atakayetua.

Tofauti kati ya 1.02 na 1.29 inaonekana ya senti. Kasi ya bawa hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo, kwa hiyo kutoka 190 kwenda 150 kasi huongezeka kwa asilimia 12 au 13 tu. Lakini nguvu ya kugonga hufuata mraba wa kasi, na hapo nyongeza inafika asilimia 27. Ni mtu yule yule na kosa lile lile, ila robo nzima ya kishindo imeongezwa juu yake.

Kuna mtego mwingine ambao hesabu hii haiuonyeshi, na walioumizwa nao zaidi ni watu wepesi. Mwanamke wa kilo 50 akivaa vifaa anafika kilo 62, pauni 137. Akichukua mwavuli wa 135 yuko kwenye 1.0, namba ya mwanafunzi kabisa, na muuzaji atamwambia asiwe na wasiwasi. John LeBlanc, mbunifu wa kampuni ya Performance Designs ya DeLand, Florida, aliandika kitambo juu ya jambo hili: mwavuli mdogo una kamba fupi, na mtu anayening'inia kwenye kamba fupi huyumba na kugeuka haraka zaidi. Mwavuli wa 135 kwenye mzigo wa 1.0 hujibu mkono upesi kuliko wa 190 kwenye mzigo huo huo, hata kama miwili hiyo ni ya muundo mmoja. Mtu mwepesi mwenye miruko michache anafaa kuanza chini ya 1.0, kwa mwavuli mkubwa kuliko ule ambao hesabu tupu inamruhusu.

Mahali pa kurukia napo pana kauli. Mrukaji mgeni aliyezoea kutua ufukweni, kama wafanyavyo Skydive Diani kwenye pwani ya Kwale, anatua usawa wa bahari. Mwavuli ule ule ukipelekwa kwenye uwanja ulio juu kama Nairobi, zaidi ya mita 1,600, unakuta hewa nyepesi na lazima usonge kwa kasi zaidi ili ubebe uzito ule ule: karibu asilimia 8, na jua la mchana likiongeza yake. Anayejaribu mwavuli pwani na kwenda kuurukia bara ajue kwamba ardhi itamjia upesi zaidi.

Baada ya ukubwa ndipo lifuate jina la mwavuli. Miavuli ya vyumba saba, kama Spectre, ina bawa fupi na nene kiasi. Hufunguka taratibu na kwa kunyooka, ndiyo maana wapiga picha wa angani huipenda, lakini haiendi mbali. Ya vyumba tisa, kama Sabre, Pilot ya kampuni ya Aerodyne au Safire iliyobuniwa New Zealand, ina bawa refu na jembamba zaidi. Huelea mbali, na breki zake huwa na nguvu ya kutosha kumtua mtu kwa ulaini. Kisha kuna mabawa yaliyochongoka pande zote mbili, mfano Stiletto. Hayo hugeuka kwa kuguswa tu, na kamba zake zikijisokota wakati wa kufunguka, mwavuli unaweza kuanza kuzunguka kwa nguvu kiasi kwamba mrukaji anaukata na kufungua akiba. Mtu wa mwavuli wa kwanza hana kazi nayo.

Hata jina lenyewe lisomwe kwa makini. Sabre ya kwanza, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ilijulikana kwa kufunguka kwa kishindo cha kuacha shingo ikiuma. Zilizofuata, Sabre2 na kisha Sabre3, ni miundo mingine kabisa. Tangazo la mtumba linalosema "Sabre 170, bei nafuu" halijasema kitu bado. Vilevile 170 ya kiwanda kimoja si lazima iwe 170 ya kingine, kwa kuwa viwanda havipimi nguo kwa njia moja.

Namna ya kulinganisha miavuli miwili kwa haki inajulikana, ingawa wachache huifuata. Viwanda vikubwa huazimisha miavuli ya majaribio, na viwanja vyenye wanachama wengi hupata wawakilishi wao mara kwa mara. Mruko mmoja hautoshi, maana mruko wa kwanza kwenye mwavuli mgeni mtu huutumia kushangaa. Afadhali kumi. Ajaribu miwili kwa uzito ule ule na, inapowezekana, siku ile ile, upepo ule ule. Afungue juu kuliko kawaida yake ili apate nafasi ya kufanya kazi.

Kwanza, kufunguka. Ametumia futi ngapi tangu arushe kile kimwavuli kidogo kinachovuta kikubwa nje, na je, mwavuli ulielekea mbele au ulijitafutia njia yake? Kisha, akiwa bado juu ya futi 3,000, avute breki taratibu mpaka mwavuli uache kuruka na kuanza kurudi nyuma, ili ajue mkono unafika wapi kabla ya hapo. Kuna miavuli inayotoa onyo refu, na kuna inayokatika ghafla. Akate kona kali, aachie, na ahesabu sekunde ambazo mwavuli unatumia kutoka kwenye mbizi. Mbizi ndefu ni raha kwa bingwa na hatari kwa mgeni. Ajaribu pia kona tambarare, ile ya kugeuka huku breki zote mbili zimeshikwa nusu, ambayo haipotezi kimo. Hiyo ndiyo itakayomwokoa siku ya mti na waya.

Breki za kutulia azijaribu kwa kutua mahali wazi, siku isiyo na upepo. Upepo wa usoni hufanya kila mwavuli uonekane mzuri. Siku hewa imelala ndipo mwavuli unapojionyesha: kuna ambao nguvu zake za breki ziko juu, kwenye usawa wa mabega, na kuna ambao hauna kitu mpaka mikono ifike nyongani. Mtu aliyezoea wa kwanza akihamia wa pili bila kuambiwa, atautua kwa makalio.

Kwa anayetaka kushuka kutoka ukubwa mmoja kwenda mdogo, orodha iliyoandikwa na mrukaji na mhandisi wa Marekani Bill von Novak imezunguka dunia nzima. Inamtaka mtu aweze, kwa mwavuli alionao sasa, kukata kona tambarare ya nyuzi 90 akiwa futi 50 tu juu ya ardhi, kutua upepo ukija ubavuni, kutua bila upepo, kutua kwenye mteremko mdogo, na kuingia mara kwa mara ndani ya duara la mita 10. Anayesema mwavuli wake umemchosha aisome kwanza.

Mtumba una mambo yake, na wanunuzi wengi wa mwavuli wa kwanza huishia huko, kwa kuwa mwavuli mkuu mpya unaweza kufika dola za Marekani 3,000, na seti nzima mpya hupita 8,000 bila shida, tena kwa kusubiri kiwandani kwa miezi. Gari la mtumba lina mita ya kilomita. Mwavuli hauna, kuna neno la muuzaji, na kuna nguo yenyewe. Nguo husema ukweli.

Fundi wa parachuti huutundika mwavuli au kuutandaza sakafuni penye mwanga, akaanza na kibandiko chenye modeli, ukubwa, namba na tarehe ya kutengenezwa. Kisha hukipita kila chumba kwa mikono. Sehemu ya juu ya chumba cha kati, pale inapofungwa kamba ya kile kimwavuli kidogo, huvutwa kila mruko, na huko ndiko mishono huanza kulegea. Huangalia viraka: kiraka kilichoshonwa vizuri na fundi mwenye leseni si tatizo, lakini mkanda wa gundi uliobandikwa na mwenyewe ni swali. Huweka mdomo kwenye nguo na kujaribu kuvuta pumzi. Nailoni ya kisasa iliyopakwa silikoni haipitishi hewa. Ile ya zamani iitwayo F-111 hupitisha kidogo ikiwa mpya na nyingi ikichakaa, na mwavuli mkuu wa F-111 wenye miruko mamia ni wa kuacha, hata ukitolewa bure.

Hugeukia zile pete za chuma za slaida, kitambaa cha mstatili kinachoteremka kwenye kamba na kupunguza mshtuko wa kufunguka. Pete ikiwa na mkwaruzo hata mdogo, kila mruko unakuwa msasa juu ya kamba. Kamba zenyewe ndizo zenye siri nyingi. Za Dacron ni nene na huvutika, hivyo hufungua kwa ulaini. Za Spectra ni nyembamba na imara, ila zina ugonjwa mmoja: slaida ikishuka husugua, msuguano huleta joto, na Spectra ikipata joto husinyaa. Za pembeni na za breki husuguliwa kuliko za katikati, kwa hiyo baada ya miruko mamia bawa limepinda bila mtu kuona. Mwavuli unaanza kugeukia upande mmoja au kufunguka kwa kishindo, na mwenyewe anadhani anakosea kuukunja. Vectran na HMA hazisinyai, lakini huchakaa na zinaweza kukatika. Fundi hupima kila kamba na kulinganisha na jedwali la kiwanda. Seti mpya ya kamba na kazi ya kuifunga ni mamia ya dola, na kiasi hicho kinatakiwa kiingie kwenye mazungumzo ya bei kabla ya mkono kushikwa.

Mwavuli wa pwani uulizwe maswali zaidi. Je, umewahi kuanguka baharini, na kama ndiyo, ulisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi? Chumvi ikikauka ndani ya nyuzi huzila, mchanga hukwangua nguo na kamba, na jua hudhoofisha nailoni polepole hata mwavuli ukilala tu kwenye nyasi kati ya mruko na mruko.

Mkoba ununuliwe baada ya miavuli kuchaguliwa. Kila mkoba hushonwa kwa ukubwa fulani, na aliyeanza na mkoba mdogo wa kuvutia hujikuta akitafuta mwavuli wa kuutosha badala ya wa kumtosha. Akiba nayo isifanywe ndogo kwa ajili ya mkoba. Siku ya kuitumia mtu huwa amechelewa, amehangaika, pengine yuko mbali na uwanja, na hapo ndipo anapohitaji futi nyingi za nguo juu ya kichwa.

Hoja moja hutolewa dhidi ya mwavuli mkubwa, na ina ukweli wake: upepo ukiwa mkali, kama kusi inapovuma pwani, mwavuli mkubwa wenye mzigo mdogo hubaki pale pale juu ya ardhi au kurudishwa nyuma. Lakini dawa ya upepo huo ni kubaki chini na kunywa chai. Walimu wenye miruko elfu kadhaa hufanya hivyo bila aibu.

Kwa hiyo yule mwenye kilo 75 na miruko 40, aliyetajiwa Sabre2 ya 170 na Stiletto ya 150 kwa bei moja: aiache Stiletto, aendelee kukodi 190 mpaka afikishe miruko 100 na zaidi, kisha ampeleke fundi akaikague ile Sabre2 kabla ya kulipa. Asihofu kwamba itamkalia mkononi siku akitaka kuiuza, kwani 170 yenye kamba nzima haikosi mnunuzi. Kila msimu kuna waliotoka kozini wanaoutafuta ukubwa huo huo.